Nani anamlinda anayezama Karungu kuwatafuta waliozama?

MTUMBWI unapopinduka katika Ghuba ya Karungu, Kaunti ya Migori, wa kwanza kuingia majini kuwatafuta wahasiriwa aghalabu si askari aliyejifunga mtungi wa hewa mgongoni. Ni mvuvi wa ufuo uo huo, ambaye huvua shati, akavuta pumzi na kuzama. Akiopoa maiti, husifiwa. Akirudi mikono mitupu, huombwa azame tena. Na iwapo yeye mwenyewe hatarudi, jamaa zake hubaki bila kujua ni nani wa kumdai fidia, kwa kuwa hakuna aliyemwajiri, hakuna aliyemwandikisha na hakuna aliyemtuma kwa maandishi.

Hali hiyo si ya Karungu pekee. Ni desturi ya fuo zote za Ziwa Victoria, kuanzia Busia hadi Muhuru, na ng'ambo ya mpaka hadi Mwanza na Bukoba. Hata hivyo, Karungu inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu kazi za kupiga mbizi zinazidi kuwa nyingi katika maji ya Migori na jirani zao wa Homa Bay, ilhali suala la nani afunzwe, afunzwe nini na kwa gharama ya nani halijapewa uzito unaostahili.

Zamani mzamiaji alihitajika wakati wa msiba tu, au injini ya boti ilipoteleza na kutumbukia. Siku hizi kuna vizimba vya kufugia samaki, ambavyo vimeenea kwa kasi tangu miaka ya 2010 katika kaunti zote tano za Kenya zinazopakana na ziwa. Vizimba hivyo vina nyavu zinazoning'inia majini, na nyavu hizo hukaguliwa, hushonwa zinapotoboka na kuondolewa samaki waliokufa. Mwenye vizimba viwili vitatu anaweza kuuvuta wavu juu kwa mikono. Shamba kubwa halina budi kumtumia mtu anayeingia chini ya maji kila siku, na mtu huyo, apende asipende, ni mpiga mbizi wa kibiashara.

Kuna pia milango ya maji na mabomba. Mto Kuja, ambao wengine huuita Gucha, hupitia Gogo, penye kituo kidogo cha umeme kilichojengwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya mgodi wa Macalder, kisha hushuka Nyatike hadi ziwani. Palipo na bwawa, mfereji wa umwagiliaji au bomba la kuvuta maji, ipo siku takataka zitaziba njia na mtu ataulizwa kama anaweza kuingia kuzizibua.

Kinachowapotosha wengi ni dhana kwamba kazi hii inahitaji ujasiri na mapafu makubwa. Wavuvi wa Karungu wana vyote viwili, na wanalijua ziwa lao kuliko mgeni yeyote mwenye vyeti. Wanajua upepo unapogeuka, mahali viboko wanapolala na miezi ambayo gugu maji hufunga njia. Lakini hatari zinazomuua mpiga mbizi aghalabu hazionekani kutoka juu, na nyingi haziwezi kujifunzwa kwa uzoefu, kwa sababu anayekutana nazo mara ya kwanza huenda asipate mara ya pili.

Tuanze na giza. Maji ya karibu na ufuo, hasa baada ya mvua, hujaa tope kiasi kwamba mzamiaji hauoni mkono wake mwenyewe. Hupapasa. Katika kupapasa huko hukutana na nyavu zilizopotea, ambazo huendelea kukaa chini miaka mingi, nyuzi zake nyembamba zikingoja mguu au kifungo cha mtungi. Asiye na kisu kiunoni, kamba inayomuunganisha na mtu aliye juu, na mwenziwe aliye tayari kumfuata, hana njia ya kujinasua wala ya kuomba msaada. Kina hakihitaji kuwa kirefu. Helikopta ilipoanguka katika Ziwa Nakuru mnamo Oktoba 21, 2017 ikiwa na watu watano, wazamiaji walihangaika kwa siku nyingi katika ziwa ambalo kina chake ni kidogo mno, kwa sababu ya tope na maji yasiyopenya mwanga.

Hatari ya pili ni ya hewa yenyewe. Mtu anayezama kwa pumzi yake tu akipanda juu hewa iliyo kifuani hurejea ukubwa wake wa kawaida. Lakini anayepumua hewa ya mtungi au ya bomba la kompresa huwa amejaza kifuani hewa iliyobanwa. Akiibana pumzi huku akipanda, hewa hiyo hutanuka na inaweza kupasua mapafu, hata katika maji yasiyozidi mita mbili. Ndiyo maana somo la kwanza kwa kila anayefunzwa kutumia mtungi ni kutowahi kubana pumzi. Hilo ni kinyume kabisa cha alichozoea mvuvi tangu utotoni. Kumkabidhi mzamiaji hodari wa Karungu mtungi bila mafunzo, kwa nia njema ya kumsaidia, ni kumwongezea hatari ambayo hakuwa nayo alipokuwa akizama kifua wazi.

Kompresa nayo ina yake. Ikiwekwa kwenye boti karibu na bomba la moshi la injini, huvuta hewa yenye sumu ya kaboni monoksidi na kuipeleka moja kwa moja mdomoni mwa aliye chini. Sumu hiyo haina harufu. Mtu husinzia tu, na walio juu hudhani anaendelea na kazi.

Ziwa Victoria lina jambo jingine ambalo hata wapiga mbizi waliohitimu Pwani wanaweza kulisahau. Uso wake uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Majedwali yanayomwambia mzamiaji akae chini kwa muda gani kabla nitrojeni haijajaa mwilini kiasi cha kumdhuru yametungwa kwa ajili ya bahari. Kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 300 hayawezi kutumiwa yalivyo. Hewa ya Karungu ina shinikizo la asilimia 87 hivi ya lile la Mombasa, na hivyo mzamiaji anayepanda kutoka chini hukuta mabadiliko makubwa zaidi ya shinikizo kuliko mwenzake wa baharini.

Hesabu yake si ngumu. Anayezama mita 30 katika ziwa hili, hata baada ya kuzingatia kwamba maji baridi ni mepesi kidogo kuliko ya chumvi, anapaswa kujihesabu kama aliyezama mita 33 baharini. Kwa majedwali ya Jeshi la Majini la Marekani, ambayo hutumika kama kigezo mahali pengi, anayefika futi 100 anaweza kukaa dakika 25 na kupanda bila kusimama njiani. Kwa futi 110 ni dakika 20. Tofauti ya dakika tano yaweza kuonekana ndogo kwa aliyekaa ofisini. Kwa mtu anayepapasa gizani akiutafuta mwili ambao jamaa wanaungoja ufuoni, dakika tano ni muda ambao hataki kuupoteza, na hapo ndipo anapoumia.

Akishaumia, safari yake ya kutafuta tiba nayo ni balaa. Dawa hasa ya viputo vya nitrojeni vilivyokwama kwenye viungo au uti wa mgongo ni chumba maalumu cha shinikizo, ambamo mgonjwa hurejeshwa katika shinikizo kama la chini ya maji na kutolewa polepole akipumua oksijeni. Tiba ya aina hiyo katika eneo hili imehusishwa zaidi na Pwani, ambako kuna jeshi la majini na utalii wa kupiga mbizi. Kutoka Karungu hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Tena barabara yenyewe hupanda: Kisii ni juu kuliko Karungu kwa mamia ya mita, na njia ya kwenda Nairobi huvuka nyanda zenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000. Kila mita anayopandishwa mgonjwa huyo, viputo mwilini mwake hutanuka. Gari la wagonjwa linalokwenda mbio kumwokoa linaweza kuwa ndilo linalomzidishia maumivu.

Kwa hiyo oksijeni inayotolewa papo hapo ufuoni, mara tu dalili zinapoonekana, ina thamani kuliko boti mpya ya mwendo wa kasi. Jambo hili halitajwi sana. Boti huzinduliwa kwa hotuba na kupigwa picha, ilhali mtungi wa oksijeni hauna mvuto kama huo.

Msomaji atakumbuka mkasa wa Likoni. Mnamo Septemba 29, 2019, gari lililokuwa na mama na binti yake liliteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee na kuzama katika kivuko hicho. Lilitolewa Oktoba 11, kutoka kina cha takriban mita 58. Katika siku hizo zote Wakenya walikasirika, na lawama nyingi ziliwaangukia wapiga mbizi wa Jeshi la Majini kwa kuchelewa. Hasira hiyo ilieleweka, hasa kwa familia iliyokuwa ikingoja. Lakini mita 58 ni zaidi ya kikomo cha mita 50 kinachotumika Uingereza kwa kazi ya kupiga mbizi kwa hewa ya kawaida, na mkondo wa Likoni ni mkali. Kasoro kubwa ilikuwa nchi kukosa maandalizi ya kina kama hicho mapema, hata ikalazimika kutafuta msaada wa wataalamu kutoka nje. Wazamiaji waliokataa kukimbilia chini bila mpango walikuwa wakifanya kazi yao ipasavyo.

Huko Karungu mzamiaji hana cheo cha kumkinga anaposema hapana. Kwa Waluo na Wasuba, marehemu hana budi kuzikwa nyumbani kwao, na mwili uliobaki majini ni jeraha lisilofungika kwa ukoo mzima. Mara nyingi shughuli za uvuvi husimama ufuoni hadi mwili upatikane. Kijana anayejulikana kuwa hodari wa kuzama husimama mbele ya wazee, wajane na wavuvi waliokosa riziki ya siku tatu, kila jicho likimtazama yeye. Huo ni msukumo mzito kuliko amri ya mwajiri yeyote.

Ng'ambo ya mpaka, Tanzania imepitia mikasa ambayo inaonyesha pande zote mbili za jambo hili. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018 na kuua watu zaidi ya 220, wapiga mbizi walimkuta fundi wa chombo hicho akiwa hai siku mbili baadaye, katika sehemu iliyobaki na hewa. Wakati ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba Novemba 6, 2022, wavuvi ndio waliofika mwanzo. Watu 19 walikufa na 24 wakaokoka. Mvuvi mmoja kijana, aliyejaribu kuwafikia marubani bila kifaa chochote cha kuzamia, aliumia hadi akapoteza fahamu. Serikali ilimpa zawadi na nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ilikuwa haki yake. Lakini alipewa nafasi ya mafunzo baada ya kunusurika kufa, na wenzake waliokuwa naye siku hiyo walirudi kwenye mitumbwi yao wakiwa kama walivyokuwa.

Je, sheria ya Kenya inasemaje? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka kila mwajiri ahakikishe usalama wa anaowaajiri, awape maelezo, mafunzo na usimamizi, na inahusu kila mahali ambapo mtu yuko kazini, iwe kwa muda au kwa kudumu. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake. Kwa maandishi hayo, kijana anayeshona nyavu chini ya kizimba kwa malipo ya siku ana haki sawa na mhudumu wa kiwandani. Tatizo ni kwamba sheria ya jumla haimwambii mwenye kizimba akae na watu wangapi juu ya maji, wala haimwambii mzamiaji apimwe nini na daktari.

Nchi nyingine zimeyaandika hayo. Uingereza ina kanuni za kazi ya kupiga mbizi za mwaka 1997, zinazodai mpango wa maandishi kabla ya kuzama, msimamizi aliyeteuliwa kwa barua, na cheti cha daktari kisichozidi miezi 12. Afrika Kusini ina kanuni za mwaka 2009 zinazowagawa wapiga mbizi katika madaraja sita kulingana na kina na vifaa wanavyoruhusiwa kutumia. Katika mifumo kama hiyo, kazi ndogo kabisa haifanywi na mtu mmoja. Huwapo anayezama, mwenziwe aliyekwisha vaa vifaa akisubiri kumfuata, mshika kamba, na msimamizi ambaye haingii majini na ndiye pekee mwenye saa na neno la mwisho. Kadi ya kupiga mbizi anayopewa mtalii kule Diani au Watamu haihesabiwi kuwa leseni ya kazi.

Wapo watakaosema kwamba watu wanne kwa kazi ya kutoa samaki waliokufa ni gharama isiyobebeka. Hoja hiyo ina uzito kwa mfugaji mdogo, na pengine jibu lake ni kuepuka kuzama kabisa, kwa kutumia vizimba ambavyo nyavu zake huvutwa juu. Kwa kampuni kubwa haina uzito. Chile ilijenga biashara ya samoni iliyoipatia utajiri mkubwa, na vifo vya wapiga mbizi wa mashamba hayo vimekuwa doa lake kwa miaka mingi. Vizimba vya Ziwa Victoria bado ni vichanga kulinganisha na vya Chile. Ni rahisi kuweka utaratibu sasa kuliko baada ya biashara kuota mizizi.

Kuhusu mabomba na milango ya maji, mfano wa karibuni zaidi ni mchungu. Februari 25, 2022, wapiga mbizi watano waliokuwa wakitengeneza bomba la mafuta huko Pointe-à-Pierre, nchini Trinidad, walivutwa ndani ya bomba hilo kwa nguvu ya tofauti ya shinikizo. Mmoja alijikokota hadi akatoka. Wanne walikufa, na wazamiaji waliojitolea kuingia kuwaokoa walizuiwa. Tume ya uchunguzi iliikosoa vikali kampuni ya Paria, mwenye bomba, na kuona kwamba kulikuwa na msingi wa kufikiria mashtaka ya jinai. Hao walikuwa watu waliofunzwa, wenye vifaa, katika nchi yenye sekta kubwa ya mafuta. Kilichokosekana ni tathmini ya hatari iliyofanywa kwa dhati na mpango wa uokoaji uliokubaliwa kabla ya kuzama. Yeyote anayefikiria kumwingiza kijana wa Nyatike mbele ya mlango wa maji ambao haujafungwa pande zote mbili hana budi kuisoma habari hiyo kwanza.

Sasa ni nani wa kuchukua hatua? Katiba ya mwaka 2010 iliipa serikali ya kaunti jukumu la uzimaji moto na usimamizi wa majanga, na serikali kuu nayo ikabaki na sehemu yake ya majanga. Mwaka 2018 Kenya ilianzisha Kikosi cha Walinzi wa Pwani, ambacho kazi zake ni pamoja na utafutaji na uokoaji majini. Ngazi zote hizi zina boti na sare, lakini ziko mbali na ufuo kwa saa kadhaa. Taasisi iliyoko ufuoni kila siku ni kamati ya BMU, ambayo tangu kanuni za mwaka 2007 ndiyo inayosajili wavuvi na vyombo vyao. Daftari lipo tayari. Kuongeza ukurasa wa wazamiaji, wenye majina, umri, hali ya afya na jina la wa kuarifiwa, hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Baada ya daftari ndipo mafunzo yafuate, nayo yaanze na yale yasiyohitaji mtungi: kutumia kamba na ishara zake, kukokota ndoana na nyavu kutoka juu ya maji ili kutafuta mwili bila mtu kuzama, huduma ya kwanza na matumizi ya oksijeni. Wachache watakaochaguliwa kufunzwa mtungi wafunzwe kikamilifu, kwa majedwali yaliyosahihishwa kwa mwinuko wa ziwa hili na yaliyoandikwa kwa Kiswahili na Kiluo. Wapimwe pia kichocho, ambacho ni maradhi ya kazi kwa kila anayeshinda kwenye maji ya Karungu ingawa ni nadra kuitwa hivyo. Migori na Homa Bay zinaweza kushirikiana kwa hili, kwa kuwa anayezama upande mmoja wa ghuba mara nyingi ametoka upande wa pili.

Na malipo yawekwe wazi. Leo hii mzamiaji hulipwa kwa mchango wa waombolezaji, tena aghalabu baada ya mwili kupatikana. Utaratibu huo humhimiza abaki chini muda mrefu kuliko inavyofaa. Kaunti ikimlipa kwa siku ya kazi, apate asipate, na msimamizi akawa na mamlaka ya kusema leo hakuna anayezama kwa sababu ya mawimbi, mzamiaji ataweza kupanda juu saa yake inapotimia na kuwaambia wazee kwamba atarudi kesho asubuhi.